Nilipiga Magoti Wenzangu Wakiandikwa Kazi

Admin, jina langu libaki kwako, maana watu wa kanisa letu wanasoma hii page.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Kitengela, nimeokoka. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mtanivumilia mahali nitakosea. Haya yalitokea miaka ile ya elfu mbili na kitu, wakati simu za mkono zilianza kufikia hata watu kama sisi.

Tulikuwa wanawake wanane tukishona uniform za shule kwa mama mmoja tuliyemwita Madam. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa na miguu isiyo na nguvu, na mzee wangu alikuwa analima huko Illasit, kuja nyumbani ni mara moja moja. Madam akanihurumia, akasema niwe nikichukua kazi ya mkono nifanyie nyumbani. Vifungo, kola, mapindo. Nachukua mzigo Jumatatu, narudisha Ijumaa.

Nilimshukuru Mungu, lakini upweke ulinikula. Sindano haikujibu ukiiongelesha. Rafiki yangu wa karibu pale, nitamwita Mama Naserian, ndiye alipata dawa. Akaniambia, "Dada, saa nne tukimimina chai nitakuflash. Usishike! Ukishika umekula credit yangu, na nitakuja kuitoa kwa sufuria yako."

Tukapatana hivi. Simu ikilia mara moja ikatwe, ni chai. Ikilia mara mbili, kuna shida, tuombee. Mara tatu, acha kila kitu ukuje.

Mkitaka kunicheka, chekeni, lakini hiyo flash ndiyo ilinishikilia. Saa nne naweka kola chini, namimina yangu, nawasalimia kwa Kimaasai kwa sauti, "Sopa, wenzangu!" Mtoto wangu akazoea, akawa ananiitikia kutoka kwa mkeka, "Epa!" Tunacheka sisi wawili. Niliona ni kama niko nao.

Sasa asubuhi moja, hata saa ya chai haijafika, simu ikalia ikakatika. Ikalia tena ikakatika. Nikaishika mkononi nikingoja ya tatu. Haikukuja. Nikajua wenzangu wako na shida. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikawataja mmoja mmoja, nikamtaja Madam, hata cherehani nikaziombea. Nililia, ndugu zangu. Siku hiyo nilifunga, sikuonja kitu mpaka jioni.

Kesho yake saa nne, flash moja. Nikasema asante Yesu, shida imepita. Nikanywa chai yangu. Siku zilizofuata pia ni hivyo hivyo.

Ijumaa nikabeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani, nikapeleka kazi. Nikapata mlango una kufuli. Mama wa mboga hapo karibu akashangaa, "Haiya! Kwani hukuambiwa? Madam alipata kazi Athi River kwa kiwanda. Wale walikuwa ndani siku watu wa kiwanda walikuja kuandika, walichukuliwa wote, wakaenda."

Kumbe hizo flash za chai zilikuwa zikitoka Athi River.

Jioni nilienda kwa Mama Naserian, nikampata ameketi na Mama Shiro, mwenzetu mwingine wa kazi. Nikamuuliza, "Mbona hamkuniita?"

"Haki ya Mungu nilikuflash mara tatu. Wewe ndio hukukuja."

"Zilikuwa mbili. Nilikaa nikaomba."

"Basi ni network, dada. Nifanye nini?"

Mama Shiro akaangua kicheko. "Yaani wewe ulikuwa unaomba na sisi tunaandikwa? Si basi maombi yako yalijibiwa!"

Nilitoka hapo na mtoto wangu sikuaga mtu. Wao walifanya kazi kiwandani miaka, wakasomesha watoto. Mimi nikabaki kutia zipu za watu kwa veranda. Na huyo Mama Naserian tukawa watu wa kusalimiana kanisani tu. Niliamini ni network. Nilijilazimisha kuamini, nisije nikamchukia.

Mwezi uliopita akaja kwangu. Binti yake anaolewa. Nikampa chai, akashika kikombe, halafu machozi yakaanza. "Dada, zilikuwa mbili. Kiwanda kilitaka watu saba, na sisi tulikuwa wanane na wewe. Madam alinituma nikuite. Mkono wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, nilijua ukifika mimi ndio nitaachwa."

Nikamuuliza, "Si basi ungenyamaza tu? Hizo mbili zilikuwa za nini?"

Akasema, "Niliogopa sana siku hiyo. Nilitaka mtu wa kuniombea."

Jamani. Mwanamke alinifungia mlango, halafu akanipa na kazi ya kuushikilia kwa maombi. Na mimi nikaushikilia, nikifunga na kulia.

Sasa anataka siku ya harusi nisimame mbele ya watu nimwombee binti yake, eti hakuna mtu anaomba kama mimi. Mchungaji anasema samehe, usahau. Kwa mdomo nimesamehe. Lakini tangu siku hiyo, nikipiga magoti na kutaja jina la mtu yeyote najiuliza naombea nini, na nani ananyang'anywa nikisema amina. Maneno yanakatika.

Msichana hana kosa. Ni mtoto mzuri, ananiita mama. Nikisimama pale nitakuwa nadanganya mbele ya Mungu. Nikikataa, nimemnyima baraka kwa dhambi ya mamake. Nyinyi mlio mbali na sisi, mnaoweza kuliona hili jambo bila machozi, nishaurini: nifanye nini na haya maombi ninayodaiwa, na moyoni hayamo?