Ufunguo wa Tatu

Sanduku la akiba la chama chetu hapa Masafu lina kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Mama anayetunza ule wa tatu huufunga kwenye pindo la leso, na mtu akimsemesha, vidole vyake hulipapasa lile fundo. Mwenyekiti akimtaka afungue kabla ya kikao, yeye huendelea kupepeta maharage: "Ngoja Jumapili, mwenyekiti. Watu wote wakuwe." Juzi redioni walibishana kama rais aruhusiwe kumfukuza gavana wa benki kuu, yeye akauliza tu, "Kwani huyo gavana ni ndugu ya nani?" Jumapili tukamchagua kaka ya mama huyo kuwa mwenyekiti mpya. Kabla makofi hayajaisha, alikuwa ameshafungua fundo na kumpa ufunguo mwanachama mwenzetu Acom, ambaye hasalimiani na huyo kaka. "Shika wewe, dada," akamwambia. "Huyu mimi siwezi kumkatalia."