Kivuti Njagi Wawili

Purity Kajuju hakujua kukaa. Mamake kule Kianjai alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa tayari amechelewa mahali fulani, na hata alipoajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali moja ya macho mjini Embu, bado alikuwa akipakimbilia mahali hapo. Chai aliinywa wima. Maneno ya watu aliwamalizia kabla hawajafika katikati. Mkubwa wake wa kazi, Mzee Rwamba, ambaye alifungua kila faili taratibu kana kwamba ndani kuna mtu amelala, alimwambia kila siku, "Kajuju, kaa basi, kiti hakiumi." Naye alikaa, dakika mbili.

Mwaka huo wa tisini na nane alikuwa na sababu ya kukimbia. Madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja kwa wiki mbili tu kuwatoa watu mtoto wa jicho, na wagonjwa mia sita na kumi na wawili walikuwa wakingoja, wengine kwa miaka minne. Majina yao yalikuwa kwenye kompyuta kuukuu. Barua za kuwaita zingechapwa na programu mpya iliyonunuliwa majuzi, kwa hiyo kila mgonjwa alipaswa kuhamishwa kutoka huku hadi kule, mmoja mmoja, kwa mkono, ndani ya siku sita.

Sasa hiyo programu mpya! Kijana aliyeitengeneza alipenda urembo kuliko kazi. Vitufe vyake havikuwa vitufe, vilikuwa picha. Ukitaka kuhifadhi jina unabonyeza jicho la kijani; ukitaka ukurasa mpya unabonyeza miwani. Kwa kibodi huvifikii hata uote sugu za vidole. Ilibidi kila mara uache kuchapa, ushike kipanya, ulenge jicho, urudi. Siku ya kwanza Kajuju aliingiza majina arobaini, akahisi ataugua.

Dawa aliijua. Alikuwa na disketi aliyopewa na mwenzake wa chuoni, yenye programu ndogo ya kurudia kazi: unaionyesha mara moja, nayo inafanya peke yake mpaka uikataze. Kwa kawaida unaiambia ibonyeze kitufe fulani, nayo inakitafuta kwa jina. Hapa ilitafuta ikatoka kapa. Picha si kitufe; machoni pake ukurasa mzima ulikuwa ukuta mtupu. Kajuju alishinda hapo asubuhi nzima, mara asimame, mara apige meza, mpaka wazo likaja: kama haioni, basi isihitaji kuona. Akapima skrini nukta kwa nukta, kutoka kushoto na kutoka juu, akaiamuru ibonyeze mahali hapo hapo, pawe na jicho au pasiwe.

Ikakubali! Jina likasomwa kwenye orodha aliyoihamisha kwa disketi, likaingia, kipanya kikakimbia chenyewe, jicho likabonyezwa, miwani ikabonyezwa, jina lingine. Kajuju alicheka peke yake ofisini. Alibandika karatasi mlangoni, "Usiguse chochote," maana dirisha la programu likisogea kidogo tu, mibonyezo yote ingeangukia pembeni.

Lilibaki jambo moja. Wazee wengi wa vijiji vya Mbeere hawana tarehe ya kuzaliwa. Mmoja alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine mwaka wa njaa. Programu ikikosa tarehe, kisanduku kilijitokeza katikati kuuliza kama uendelee. Nacho kilikuwa cha kuchorwa. Kajuju akaongeza amri: kila baada ya kuhifadhi, bonyeza pale kitufe cha kushoto cha kisanduku kinapokaa. Kushoto ni "Endelea". Kisanduku kisipotokea, bonyezo litaangukia patupu, hakuna hasara. Alijaribu kwa majina kumi, yote yakaingia.

"Si tuyasome pamoja na faili za karatasi, moja moja?" Mzee Rwamba aliuliza.

"Mzee, tutamaliza mwaka ujao."

Jumamosi saa sita mchana kazi iliisha. Jumla: mia tano tisini na tatu. Mzee Rwamba alihesabu kwa vidole, akamtazama. "Na hawa kumi na tisa?"

"Ni wale waliokuwa wameandikwa mara mbili. Programu imewaondoa," Kajuju alijibu, haraka, na aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Barua zikachapwa, zikapelekwa makanisani zikatangazwe.

Jumatano ya wiki ya pili ya upasuaji, mwanamume wa miaka kama thelathini na minne alisimama kwenye dirisha la ofisi. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu tangu jiwe lilipomrukia akivunja kokoto. Aliweka barua mezani: Kivuti Njagi, Ishiara.

"Madam, naomba kuuliza. Hii barua ni yangu ama ni ya guka? Tuliandikishwa sisi wawili, siku moja. Imekuja moja tu. Guka akasema niende mimi. Lakini yeye haoni na macho yote mawili, na mimi nina moja zima."

"Babu yako anaitwaje?"

"Si ni Kivuti Njagi! Mimi ndiye kifungua mimba."

Kajuju aliitazama barua tena. Ni nani asiyejua? Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya babake. Kivuti wa Njagi akamzaa Njagi wa Kivuti, naye akamzaa Kivuti wa Njagi, herufi kwa herufi, boma lile lile. Yeye mwenyewe alibeba jina la nyanyake, na kwao Kianjai ukiita jina moja wanaitika watatu! Alirudi kwenye programu, akaandika jina la Kivuti kwa mkono, akabonyeza jicho. Kisanduku kikatokea mahali pale pale: "Jina hili lipo." Kulia, "Ongeza mwingine". Kushoto, "Badilisha". Kila jina lililofanana, mashine ilikuwa imemfuta wa kwanza na kumweka wa pili.

Alimwambia Mzee Rwamba yote. Mzee akatoa funguo. Walifungua makabati, wakasoma faili mpaka jioni, moja moja. Wale kumi na tisa walikuwa watu kweli, si marudio, wenye macho mabovu na subira nyingi. Madaktari wangeondoka Ijumaa jioni.

Alhamisi kabla jua halijachomoza Kajuju aliondoka na dereva wa hospitali, Mbogo, wakapita boma kwa boma. "Wewe sema ni kompyuta," Mbogo alimshauri. "Hawa wazee watajua nini?" Kufikia alasiri walikuwa wamewapata kumi na sita. Wa kumi na saba alikuwa ameketi nje ya nyumba yake Ishiara, uso umeelekezwa kwenye mlio wa gari.

"Kivuti Njagi ameshaenda hospitali," mzee alisema.

Kajuju alichuchumaa mbele yake, akamweleza kwamba zamu yake ipo, ni kesho.

"Tulikaa nyumba nzima juu ya ile barua," mzee alisema polepole. "Barua moja, watu wawili. Nikasema Mungu ameamua, na mimi ni nani? Tangu siku hiyo namwomba anipe moyo wa kukubali. Nilikuwa nimekaribia."

"Si Mungu, babu." Kajuju alisema. "Wala si mashine. Ni mimi. Niliambiwa nisome majina nikakataa, kwa haraka zangu."

Mzee akamgeukia mke wa mwanawe. "Niletee viatu. Mungu nisingembishia. Huyu nitambishia."

Njiani mzee aliuliza kama wote wamepatikana. Kajuju akasema wawili bado: mama mmoja aitwaye Cicily aliyehamia kwa bintiye, hakuna ajuaye wapi, na mwanamume mmoja wa upande wa Meru.

Ijumaa saa tatu asubuhi Kivuti Njagi mkubwa alipasuliwa. Jumamosi, madaktari wakiwa wameshaondoka, muuguzi alimfungua bandeji. Mzee alipepesa jicho, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akilia waziwazi. Mwisho akamwona msichana aliyesimama mlangoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, babu."

"Na wale wawili, umewapata?"

"Bado."

"Sasa hapa umesimamia nini?"