Bwana Mdogo wa Kwenye Tundu

Dada yangu ni fundi cherehani, na kitu asichoweza kukivumilia ni kufanya kazi halafu sifa zikaenda kwa mwingine. Msifie mteja gauni bila kumtaja aliyelishona, utamsikia anasonya toka chumba cha pili. Basi mteja mmoja aliyekuwa anahama alipomwachia kasuku mdogo wa kijani, uso wa manjano, pamoja na tundu lake, nyumba nzima tuliambiwa mapema: huyu ni wangu, asiguswe.

Akamwita Bwana Mdogo. Akamtundika karibu na cherehani, akafunika tundu upande mmoja ili asimwone paka wa jirani, akawa anampelekea punje za uwele kiganjani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli, sauti imelainika kama anabembeleza mtoto mchanga. "Njoo baba, njoo mzuri wangu. Nani kakuudhi?" Mimi niliyekuwa nashona vifungo pembeni nilijiuma mdomo nisicheke. Tangu nizaliwe dada hajawahi kuniita mzuri.

Bwana Mdogo alijibana kwenye kona ya mwisho ya tundu, akamkodolea macho, hakusogea.

Mumewe, shemeji yangu, ni mpaka rangi. Hurudi jioni na madoa ya chokaa kwenye nyusi. Hakuleta punje wala maneno matamu. Alinawa, akaingiza kidole tunduni, akatulia akiangalia pembeni. Ndege akapanda kidoleni, akaanza kumdonoadonoa ukucha.

Cherehani ikanyamaza.

"Mimi nalisha, wewe ndiye unapendwa," dada akasema.

"Ndege naye ana macho yake, mke wangu."

Wivu ukamkaba dada. Akalihamishia tundu nyuma ya cherehani, upande wake. Akampiga mumewe marufuku kulikaribia, eti ananuka rangi. Siku shemeji alipopiga mluzi akiwa bafuni na Bwana Mdogo akamwitikia, dada alikata mikono miwili ya kushoto kwa shati moja, kosa ambalo hata mwanafunzi wake angetukanwa kwalo. Akakaa ameishika ile mikono, macho mekundu. "Nimemkosea nini huyu ndege?" akauliza, na safari hii sikuwa na hamu ya kucheka.

Jioni moja kastabini yangu, kile kikofia cha chuma tunachovaa kidoleni ili sindano isitudunge, ilitumbukia nyuma ya kabati. Nikaazima ya dada. Yeye huivaa toka asubuhi mpaka anapokwenda kulala, imesuguka mpaka inang'aa, na nadhani alishasahau kwamba haikuota hapo. Akaivua bila kuniangalia, akaingiza mkono tunduni kubadilisha maji.

Bwana Mdogo akasogea kidogokidogo, akapanda kidoleni.

Dada alitabasamu mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akaiona alama ya kastabini kidoleni mwake, akaitazama kastabini yenyewe inavyomeremeta mkononi mwangu. Akamgeukia mumewe. Shemeji alikuwa kwenye kigoda, anajifanya hamnazo. Ni yeye peke yake ambaye hakushangaa.

"Ulijua."

"Hicho chuma kinammulika machoni. Niliona mapema."

"Ukanyamaza! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Ulitaka akupende wewe peke yako!"

Shemeji akavua kofia, akaigeuzageuza. "Ndege mimi wa nini? Ile sauti unayomwitia, ile ya njoo mzuri wangu, mara ya mwisho kuisikia tulikuwa wachumba. Nilimwonea wivu. Nikasema basi, mimi nikose sauti, wewe ukose ndege."

Dada akafungua mdomo amjibu kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kugombania vipimo na wateja. Haikutoka. Akamsogelea na ndege kidoleni, taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua mmoja wao.

"Umekula?" akamuuliza, kwa sauti ile ile ya njoo mzuri wangu.

Shemeji akakohoa, akasingizia rangi.

Kastabini dada hajaidai tena. Siku hizi anashona kidole kitupu, anajidunga, anakinyonya, anaendelea. Yangu niliipata nyuma ya kabati. Kwa hiyo sasa nina kastabini mbili, na wa kuniita mzuri bado sina.