Niliuacha Ualimu, Nikafuata Kikapu

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naiona imo ndani ya ukungu, ukungu wetu huu unaoteremka asubuhi kutoka msitu wa Ngorongoro, ukafunika mashamba ya Karatu mpaka unasikia jembe la jirani na jirani mwenyewe humwoni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu, mwembamba, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu upande wa Mbulu. Ilibaki miezi minne nipate cheti.

Juzi ulinisomea barua yako, ile ya timu inayotaka uache chuo ukacheze kikapu kwa mshahara. Nilinyamaza. Wazee tukinyamaza mnadhani tumesinzia, na mara nyingine ni kweli, lakini siku ile nilikuwa macho.

Chuoni kwetu uwanja ulikuwa wa udongo, na ringi zake fundi alizipinda kutoka vyuma vya pipa. Nikiruka na mpira nilihisi mwili umesahau kushuka. Sikudanganyi, ilikuwa raha. Hata darasani, mkufunzi akieleza namna ya kuandaa somo, mimi niliuona mpira unazunguka juu ya ringi, unazunguka tu, hauingii wala hautoki.

Basi akaja mtu mmoja amevaa suruali ya bugaluu, ametumwa na timu ya shirika fulani la Dar es Salaam. Enzi zile hapakuwa na mchezaji wa kulipwa kwa jina. Shirika lilikupa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kucheza.

"Njoo sasa," akaniambia. "Ligi haisubiri cheti."

Nikaenda, bila kuaga nyumbani. Niliogopa nikiaga nitakatazwa.

Sasa nisikilize hapa. Baba alishafariki, mama alibaki peke yake Ganako. Kijijini kwetu mtoto wa mjane akienda kusoma, majirani waligawana jembe lake. Msimu ukifika walikuja kumlimia mama yake kana kwamba mwenyewe yupo, wakanywa kilichopikwa, wakarudi makwao. Naye mtoto alijua, bila kuandikiwa, kwamba elimu ile atairudisha kwa watoto wao. Shule yetu ilikuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa mawili, na wazee walishakubaliana kuwa wa pili ni mimi. Hawakunilimia kwa huruma, walikuwa wanamngoja mwalimu.

Landrova ya shirika ilipita Karatu asubuhi. Shamba letu liko kando ya barabara. Ukungu ukafunguka kidogo, nikawaona, watu kama kumi hivi kwa mstari, mama katikati yao, wanalima sehemu yangu. Nikajiinamisha kwenye kiti nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilizifunga mpaka Rhotia.

Dar nilikaa mwaka na nusu. Watu waliimba jina langu, na nilipolala nilizisikia bado sauti zao. Kisha goti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami lilikwenda goti. Meneja akauliza nina cheti gani. Wenzangu wenye vyeti walipelekwa ofisini, mimi nikapelekwa getini kulinda, na baada ya miezi michache hata huko getini wakampata mwingine.

Nikarudi Ganako nikichechemea. Mama alinipakulia chakula, hakuniuliza neno. Aliyesema ni Mzee Qamara, jirani yetu, ambaye siku zote ndiye aliyeongoza ule mstari wa majembe. Nilianza kumweleza habari za goti, kwa kirefu, na daktari alisema nini. Akaningoja nimalize.

"Siku ile ndani ya gari tulikuona," akasema. "Sote tulikuona. Mama yako akasema, si yeye, ni ukungu tu. Nasi tukakubali kwamba ni ukungu, tukaendelea kulima."

Nililia, mwanangu, na sikulia kwa ajili ya goti.

Chuo hakikunipokea tena, nafasi yangu ilishakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Msimu ule nililima shamba la kila mmoja wa wale majirani, nikiburuta mguu, na hakuna aliyenikataza. Lakini jembe halifundishi kusoma. Kitindamimba wa Mzee Qamara alimaliza shule hajui kuandika barua, na mpaka leo ana ndevu nyeupe ananijia mimi nimwandikie. Watu hapa huniita Mwalimu, kwa utani. Nami naitika, nitafanyaje?

Kwa hiyo sikukatazi kucheza. Kipaji chako amekupa Mungu, na anayekwambia mpira ni upuuzi hajawahi kuruka. Ninachokuambia ni hiki: maliza chuo kwanza. Mvumilivu hula mbivu, na timu inayokutaka kweli itakutaka hata mwakani. Na kama moyo umekataa kabisa kungoja, basi nenda nyumba kwa nyumba kwa waliokubeba, uwaambie ukiwatazama machoni, na ukae uyasikie watakayosema, hata yakiuma. Umaskini nimeuonja, goti bovu ninalo, vyote vinabebeka. Kisichobebeka ni kujua kwamba mama yako alisimama mbele ya watu wake, jembe mkononi, akasema uongo kwa ajili yako. Usimfikishe mama yako hapo.

Haya, sogea nikuwekee mkono. Mungu akupe miguu myepesi na moyo mzito. Mvua ikunyeshee kwa kiasi, adui akukose, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu mwenye huruma. Uende salama, mwanangu, na siku ya kurudi urudi mchana kweupe, kichwa juu, sote tukuone.