Vichwa Vinne Upande wa Pili

Siku yangu ya kwanza kazini niliongea mpaka mgeni mmoja akaenda kujificha nyuma ya gari. Kweli kabisa. Nilikuwa mwongozaji mpya wa wageni pale Vwawa, nimekariri habari zote za kanisa la misheni la Mbozi, tangu matofali yalivyochomwa hadi kengele ilivyobebwa mabegani, na niliona nisipozimwaga zote siku hiyo zitaniozea kichwani. Meneja wa Ziara, mzee mkavu aliyevaa tai hata Jumamosi, akaniita pembeni.

"Namwinga, umemaliza?"

"Bado makaburi, bosi."

"Makaburini husemi kitu. Penye kaburi la mtu, mwongozaji anafunga mdomo. Ukiongea wewe, yeye atamsikiaje mtu wake?"

Nilinuna wiki nzima. Mimi ninyamaze? Kwetu tulizaliwa wanane, asiyepaza sauti hapati mboga!

Alinifundisha na mengine. Kuhesabu vichwa, yaani kila mnapohama kituo unahesabu wageni kwa macho tu, bila kunyoosha kidole, maana mtu mzima hahesabiwi kama mbuzi. Kufunga mkia, dereva atembee wa mwisho ili asiachwe mtu. Na maneno ya mlangoni, zile sentensi mbili tatu unazosema nje ya nyumba ya ibada, kofia zivuliwe, viatu vivuliwe kama ni msikitini, ili mkiingia usilazimike kukemea mtu.

Baadaye nikahamishiwa Tunduma, chini ya Msimamizi wa Kituo, mama aliyekuwa mkali wa saa kuliko kengele ya shule. Ziara yetu ilikuwa ya siku moja: asubuhi soko la Tunduma na msikiti ulio jirani, mchana kanisa la Mbozi. Niliifanya mara nyingi mno hata miguu ilikuwa inajua kona yenyewe. Na miguu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa na wageni wanne siku hiyo. Mmoja, Bibi Greta, alizaliwa pale misheni, baba yake akiwa mganga wa hospitali. Mdogo wake wa kiume alifariki mchanga akazikwa nyuma ya kanisa, na yeye akaondoka nchini akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa anatembelea fimbo. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha mtoto, chenye lafudhi ya Kinyiha, nilicheka mpaka nikaona aibu. Kesho yake asubuhi alikuwa anapanda ndege. "Nataka kumsalimia Peter tu," aliniambia garini. "Sitarudi tena, mwanangu. Magoti yamekataa."

Sokoni akaomba kitenge cha kuvaa kaburini, asiende kwa mdogo wake na suruali. Nikasema hilo tu? Twendeni kwa shangazi yangu, ana vitenge vizuri. Tukakata uchochoro, tukapita maduka ya simu, tukafika. Shangazi akatupokea kwa salamu ya Kibemba chake cha biashara, "Mulishani, mayo," akamfunga bibi kitenge cha bluu, bibi akashukuru "Natotela sana" kama alivyofundishwa papo hapo. Nikahesabu vichwa. Vinne, vyote vipo. Nikajisifu moyoni.

Tulipogeuka kurudi, afisa wa uhamiaji wa upande wetu alikuwa amesimama kwenye uchochoro.

"Mama mwongozaji, unajua umetoka wapi?"

"Kwa shangazi."

"Kwa shangazi ni Zambia."

Mungu wangu! Sisi tuliozaliwa pale tangu utoto tunatumwa chumvi upande wa pili na kurudi kabla maji hayajachemka. Sikuwahi kufikiri kwamba kwenda kwa shangazi ni kuvuka mpaka. Vichwa vyangu vinne vilikuwa vimetoka nchini na kuingia tena bila mhuri hata mmoja.

Ofisini afisa akauliza jambo moja tu: wamevuka wenyewe, au wamevushwa? Kama ni wenyewe, wanabaki hapo na hati zao za kusafiria mpaka kesho. Kama wamevushwa, anabaki aliyewavusha, pamoja na kitambulisho chake cha kazi. Nilikishika kile kitambulisho shingoni. Nilikuwa mjane, na kazi nyingine sikuijua.

Bibi Greta akanitazama, kisha akasimama na fimbo yake. "Ni mimi. Nilipotea, hawa wakanifuata."

Nilitaka kunyamaza, nisiwadanganye. Nilihesabu pumzi mbili nzima nikiwa nimenyamaza, na hadi leo pumzi hizo mbili zinaniuma.

"Huyu mama hajapotea," nikasema. "Nimemvusha mimi."

Dereva akaondoka nao. Mimi nikabaki kwenye benchi na karatasi ya maelezo, kitambulisho kiko mezani kwa afisa. Nililia, sifichi.

Alasiri simu ikaita. Alikuwa Bibi Greta. "Namwinga, tuko mlangoni. Sema maneno yako."

Nikamtazama afisa. Akasema, "Weka sauti kubwa."

Basi nikawaongoza kutoka kwenye benchi la Tunduma. Kofia zivuliwe. Ingieni kwa mlango wa kushoto, wa kulia unagoma. Gusa nguzo ya pili, bibi, ina alama za vidole vya fundi. Sasa tokeni nyuma, shukeni ngazi tatu, ya mwisho imevunjika. Mti wa kahawa. Hatua kumi. Hapo.

Nikafunga mdomo.

Kitambulisho nilirudishiwa baada ya miezi mitatu, pamoja na onyo kali. Msimamizi wa Kituo akaniambia, "Ungeacha mgeni abebe kosa lako, ningekufukuza mimi kabla yao." Mwaka jana nimekirudisha kwa hiari yangu, nimestaafu, niko kwangu Nanyala na kahawa zangu. Vijana wanaoanza kazi hii wanakuja kuniuliza habari za kengele na matofali. Nawaambia zote, mnanijua. Halafu nawauliza kama wanaweza kukaa kimya, wanacheka.

Siku ile kimya kilikuwa kirefu. Afisa aliinama juu ya simu, akaninong'oneza, "Imekatika?"

Nikatikisa kichwa. Haikuwa imekatika.