Vita vya Madrasi Juu ya Meza ya Kukatia

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kama mtu anavyokumbuka jino bovu. Nilikuwa kijana niliyetoka Tanga, nashona hapa Joburg, mtaa wa Rosettenville, na rafiki yangu Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi. Mimi nakata, yeye anashona. Suti zetu zilikaa mwilini hadi wateja wakalala nazo!

Jioni tulisoma shule ya watu wazima. Mimi nilikuwa msomi, ubao ukiniona unajifuta wenyewe. Wiki hiyo mwalimu alitufundisha Wafaransa na Waingereza walivyogombea India: kila upande ulimshika mtawala wake wa kienyeji, ukaajiri askari Wahindi, wakauana katika miji ya Madrasi na Pondicheri.

Kesho yake asubuhi, kwenye meza ya kukatia, Ilunga akaanza.

"Bafaransa balikuwa na akili mingi, kaka. Balikamata Madrasi!"

"Wakaishia wapi? Waingereza waliwafagia kama vumbi la chaki."

"Weye unasema vile juu ya ile Kiingereza yako ya kuvunjika."

"Na Kifaransa chako kinakusaidia nini Joburg? Hata kwenye teksi hakikushushi!"

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka. Nikatamka neno juu ya nchi yake ambalo silirudii, hata leo linanichosha. Ilunga akakunja uzi wake, akabeba cherehani yake begani, akahamia mtaa wa Turffontein. Nikabaki na suti nne za harusi zimekatwa, hazina mshonaji.

Unafikiri nilijuta? Wapi! Nilikwenda mjini kwa mzee wa Kihindi aliyetuuzia vitambaa, nikamtaka aamue: kati ya Mfaransa na Mwingereza, nani aliwafaa Wahindi?

Mzee aliendelea kupima kitambaa.

"Mababu zangu walitoka upande huo wa Madrasi," akasema, "wakaja huku kukata miwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyenisimulia nani alishinda. Walinisimulia waliozikwa." Akainua macho. "Yule mwenzako anayekipapasa kitambaa kabla hujalipa, yuko wapi?"

Mimi, bingwa wa majibu, nikashika njia.

Nilikwenda Turffontein kwa miguu. Ilunga alinipa kiti, akanipa chai, akanishonea zile suti nne hadi kifungo cha mwisho. Lakini cherehani yake haikurudi. Miaka zaidi ya ishirini sasa tunasalimiana vizuri, kama majirani. Mshono ukiufumua, mwanangu, matundu ya sindano hubaki.

Ndiyo maana juzi, katika Kombe hili la Dunia la 2018, nilipokusikia unamtukana mtoto wa jirani, wewe Uingereza, yeye Ufaransa, nilizima televisheni. Ukaninung'unikia kwa Kizulu, sharp, yaani sawa, nilielewa. Nimechoka tu. Sina tena nguvu ya kutazama rafiki akibeba vitu vyake.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wakubwa wanapogombana, usikimbilie kuchagua bendera; uliza kwanza nani atazikwa. Na ukishamuumiza mwenzako, usitafute mwamuzi wa kukupa ushindi. Mfuate siku hiyohiyo, chai yake ikiwa bado ya moto.

Nenda sasa, gonga mlango wa jirani. Mungu akulainishie ulimi, akupe rafiki wa kupapasa kitambaa chako kabla hujalipa, na akikupa, asikunyang'anye. Amina.