Mafuta Sikioni mwa Papa Nday

Hasira yangu mimi si ya leo. Natengeneza vifaa vya kusikia, appareils, katika duka moja hapa Saint-Josse, Brussels, na mengi nimeyaona: kuna anayekikalia kifaa chake, kuna anayekifua pamoja na shati. Hao nawasamehe. Lakini walichomfanyia jirani yangu wa Schaerbeek, Papa Nday, mpaka leo kinanichoma roho.

Papa Nday alifanya kazi kwetu Kongo, kule Likasi, kwenye mashine ya kusaga mawe ya shaba. Mashine hiyo ndiyo iliyomla masikio. Mkewe akafariki, naye akaja Brussels na binti yake wa pekee, Sephora. Alisugua sakafu za ofisi Etterbeek, akamsomesha mtoto, hakumwomba mtu kitu. Kifaa chake alikitunza: asubuhi anakipangusa, akienda kulala anafungua mahali pa betri ili unyevu utoke. Muzee msafi kabisa.

Bon, mwaka 1996 Sephora akapata mchumba. Muzee akanipitia dukani, anacheka peke yake.

"Maman Pétronille, siku ya mahari, miye ndiye nitamuuliza mutoto, tukule? Na miye ndiye nitamusikia."

Kwetu ndivyo ilivyo. Baba anamuuliza binti mbele ya watu kama mali ya wakwe iliwe, na binti akijibu "mukule", basi amekubali kuolewa. Papa Nday hakutaka kingine duniani.

Siku chache kabla ya sherehe, Marie-Jeanne, mke wa Constant, mdogo wake Papa Nday, akamletea muzee kikundi chake cha maombi. Wakamshika kichwa, wakamimina mafuta ya upako ndani ya sikio, kifaa kikiwa humo humo! Yesu wangu, nani aliwatuma? Mafuta yakaziba kijibomba cha kupitisha sauti, muzee akabaki hasikii kitu. Badala ya kuniita, Marie-Jeanne akatangaza kwamba pepo wa uziwi ni mkaidi. Na Constant, bila haya, akasema, "Basi, siku ya mahari nitauliza miye."

Asubuhi ya sherehe Papa Nday akanigongea mlango, kifaa mkononi, machozi machoni. Nilitukana, tena nilitukana sana, wala hakunisikia. Nikachomoa kipande cha sikioni pamoja na kijibomba chake, nikaviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikapuliza kwa kipampu cha mpira mpaka vikakauka. Mashine yenyewe haioshwi, hiyo niliipangusa tu, nikabadili betri. Alipovaa, nikamwita kwa sauti ndogo.

"Papa?"

Akashtuka. "Naam, maman. Usiambie mutu."

Mchana sebule ya Papa Nday ilijaa. Constant akajiweka katikati, suti inang'aa. "Bakwe zetu, mutusamehe," akasema, "yaya yangu huyu, mukubwa wangu, ni kama kabati, hasikie kitu. Leo baba ni miye." Watu wakacheka. Papa Nday akatazama viatu vyake. Kumbe ndivyo wanavyomsema mbele ya macho yake! Nusura nirushe sahani.

Constant akasimama. "Sephora, tukule?"

"Constant, kaa chini," Papa Nday akasema. "Kabati imesikia."

Constant akaketi. Lakini Marie-Jeanne akaruka, mikono juu. "Haleluya! Mafuta imefanya kazi!"

"Maman Marie-Jeanne, nyamaza. Mutoto wangu anataka kusema." Akamgeukia binti yake. "Sephora, tukule?"

Sephora amezoea kumpigia baba yake kelele tangu utoto. Akavuta pumzi ili apaze sauti, muzee akainua mkono.

"Polepole. Nakusikia."

Basi akasema kwa sauti ya chini, hata sisi wa nyuma hatukuipata vizuri. "Mukule, papa."

"Sema tena."

Akasema tena.